Alama Nyekundu Kwenye Nati

Mwenye mtoto anayelia atoke naye kidogo, amnyamazishe, arudi, hakuna atakayemsema. Walioko nyuma wasogee mbele, viti vipo. Nina jambo moja tu la kuhubiri asubuhi ya leo na sitalizungusha, kwa hiyo atakayelikosa amelikosa.

Pale Makambako, penye upepo ule unaofanya watu watembee wameinamisha vichwa, palikuwa na fundi mmoja wa bawaba. Bawaba za mageti, za milango ya maduka, za masanduku ya wanafunzi wa bweni. Jina lake haliwasaidii kitu. Majirani walimwita Baba Tumsifu, kwa binti yake wa pekee ambaye alishaolewa siku nyingi akahamia kwa mumewe, na mkewe wakamwita Mama Tumsifu. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja cha matofali chenye mlango wa bati, na ndani yake mashine ya kutobolea chuma imesimama juu ya meza. Baba alikata vyuma na kuvipiga tupa. Mama alitoboa. Walifanya hivyo miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo baba hakutoboa tundu lenye maana, kwa sababu mkono wa kazi ile alikuwa nao mama, yeye hakuwa nao, na wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, na kina mama msiseme haya ni mambo ya wanaume. Chini ya mashine ile kuna kitu kinachoshika chuma kisiruke wakati kinatobolewa. Mafundi wanakiita vaisi. Waliosoma vitabuni wanasema jiliwa. Vaisi ya karakana ile ilikuwa ya kubana haraka. Ina taya mbili. Moja imesimama mahali pake. Nyingine unaisukuma kwa kidole mpaka iguse chuma, kisha unalaza mkono mdogo ulioko ubavuni, mara moja tu, tak, imebana. Unatoboa, unainua mkono, chuma kinatoka, unaweka kingine. Hakuna kuzungusha skrubu mpaka bega liume. Kwa siku moja mtu anatoboa bawaba mia mbili na bado ana nguvu za kupika.

Lakini kitu cha haraka kina masharti yake. Chini ya tumbo la vaisi ile kuna nati ya kurekebishia. Ukiikaza sawasawa, mkono unapoulaza unagoma katikati ya safari, unausukuma kwa nguvu, nawe unasikia kabisa kiganjani kwamba taya zimeuma. Nati ikilegea, mkono unalala wenyewe mpaka mwisho, laini, kama mtu aliyeshiba. Na bado unalia tak. Mmenielewa? Imeshika au haikushika, mlio ni uleule.

Basi siku moja ikaja simu kutoka Same. Mama mzazi wa mke yule alikuwa ameanguka bafuni, nyonga imevunjika, na hapakuwa na wa kumgeuza kitandani. Kutoka Makambako hadi Same ni basi la kutwa nzima, unapanda kwenye baridi na koti lako, unashuka kwenye joto na vumbi la mkonge huku umelibeba mkononi. Mke akasema, "Nipe miezi mitatu." Mume akasema, "Nenda, mwenzangu. Mama ni mama."

Jioni ya kuamkia safari, mama aliingia karakana. Akafagia ile vaisi kwa brashi ya rangi iliyochakaa, akatoa chenga zote za chuma, akadondosha oili penye njia ya taya, akalala chali chini ya meza na spana akafanya jambo lake huko chini. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, kilichoachwa na binti yao siku ya harusi, akachora mstari kwenye nati, akaushusha mpaka kwenye mwili wa vaisi. Mumewe alikuwa amesimama mlangoni anamtazama. Hakuuliza kitu. Alijifanya anatazama nje, kama mwanaume anavyofanya akizidiwa.

Asubuhi pale stendi, basi likiwa limeshaanza kuunguruma, mama akachungulia dirishani.

"Baba Tumsifu! Ile alama umeiona?"

"Nimeiona!"

"Usiisahau!"

"Sitaisahau!"

Akaongeza neno jingine, lakini dereva alikuwa ameegemea honi. Mume aliona midomo tu ikitembea. Akapunga mkono kama aliyesikia.

Wangapi hapa wamewahi kupunga mkono kama waliosikia?

Alirudi moja kwa moja karakana. Hakupita nyumbani hata kuvua koti. Akapiga magoti mbele ya meza, akainamisha shingo, akautazama ule mstari mwekundu. Aliutazama muda mrefu. Akajisemea, hapa ndipo mkono wake ulipoishia. Na papo hapo akaapa moyoni: nati hii haitaguswa na mtu mpaka mwenyewe arudi. Alijiambia kwamba siku itakayosogea, mke wake atakuwa ameondoka kweli.

Mapenzi, si ndiyo? Tunaona mapenzi. Naona kina mama wanatikisa vichwa. Ngojeni.

Kesho yake akaanza kutoboa mwenyewe. Akaweka chuma, akasukuma taya, akalaza mkono. Tak. Akashusha biti, ile ncha ya kutobolea, chuma kikacheza, tundu likaenda pembeni. Akaweka kingine, kikacheza. Mtu mwingine angesema, vaisi imelegea, ngoja niikaze. Yeye akakata kipande cha boksi la sabuni akakisokota kati ya taya na chuma. Chuma kikatulia. Akafurahi sana. Nati haijaguswa!

Mwezi wa pili boksi halikutosha, akaweka mawili. Baadaye akaweka kipande cha kandambili. Baadaye akaweka ngozi ya mkanda wake mwenyewe, akawa anashika suruali kwa kamba. Chenga za chuma zikajaa kwenye njia ya taya, hakuzifagia, asije akagonga ile rangi kwa brashi. Oili hakuweka, isije ikatiririka ikaifuta.

Jirani yake, mchomeleaji mmoja Mbena asiyejua kunong'ona, aliingia siku moja kuazima tupa, akaona.

"Mzee, hii vaisi inakula nini? Mbona kinywa kimejaa maboksi?"

"Achana nayo."

"Lete spana nikukazie, dakika mbili tu."

"Nimesema usiiguse!"

"Ha! Umeioa?" Yule bwana akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani, mke kaenda kwao Upareni, mzee kaoa vaisi! Mahari ulimpa nani, aliyekuuzia mashine?"

Baba Tumsifu hakucheka. Alimtolea tupa nje ili asipate sababu ya kuingia tena.

Miezi mitatu ikapita. Ikawa sita. Ikawa mwaka. Nyonga ya mtu mzima haiungani kama kijiti cha mbaazi kinavyochipua. Mama mkwe alibaki kitandani, na binti yake akabaki naye. Na mume yule aliumia, ndugu zangu, nisiwafiche. Niwaambie alivyokuwa anafanya kazi. Akimaliza kukata vyuma, alivitia kwenye kopo la maziwa la upande wa kushoto wa mashine, palepale mkewe alipozoea kuvichukua. Kisha alizunguka meza, akasimama upande wa mkewe, akavitoa kwenye lile kopo kimoja kimoja, kana kwamba amewekewa na mtu mwingine. Kuna siku, akiwa upande ule, aliinua uso kuangalia kama mkataji amechoka. Hakuona mtu. Akakaa juu ya ndoo, kazi ikasimama mpaka saa ya chakula.

Kila Jumapili akitoka ibadani alipiga simu Same.

"Mama anaendeleaje?"

"Leo amekaa kidogo. Uji amekunywa nusu kikombe. Wewe je?"

Hapo ndipo alipotaka kumwaga yote. Alitaka kusema kitanda ni kikubwa. Alitaka kusema, nimesahau jinsi unavyokohoa kabla ya kuongea na inanitia hofu. Lakini yeye hakulelewa kusema maneno hayo, kwa hiyo aliyakusanya yote akayatia kwenye neno moja analoliweza:

"Ile alama iko palepale. Kila kitu kiko vilevile ulivyokiacha."

 Mkewe akajibu, "Haya. Asante."

Kila Jumapili. Iko palepale. Haya, asante. Na kila Jumapili ile "haya" ilizidi kuwa fupi, sauti ikawa kama ya karani wa dirishani anayetaka kufunga. Akikata simu, mume aliingia karakana na sare yake ya kanisani, akapiga magoti, akautazama mstari. Alijipa moyo kwamba kama mwanamke yule amepoa kule mbali, huku angalau amebaki mahali pamoja ambapo hajapoa. Nywele zake ziligeuka mvi mwaka ule. Hofu yake ilikuwa moja tu, na kila aliyemjua aliiona usoni: kwamba hatarudi.

Mwaka mmoja na miezi saba. Akapata kazi ya bawaba kubwa za geti, chuma kinene, tundu pana. Akajaza maboksi yake, akajaza ngozi yake, akalaza mkono. Tak. Akaamini. Sasa wanaojua kazi hii wanajua kwamba hatari haiko mwanzo wa tundu, iko mwisho wake, pale biti inapotokea upande wa pili; hapo inang'ata chuma na kukivuta. Ikang'ata. Vaisi ikaachia kama mtu aliyechoka kusingiziwa. Kile chuma kikazunguka na mashine, mzunguko mmoja tu, kikamkuta mkono wa kushoto.

Mifupa miwili ya kiganja. Nyuzi kumi na moja. Yule yule mchomeleaji ndiye aliyemfunga kwa shati lake na kumkimbiza zahanati kwa pikipiki, huku akimtukana njia nzima kwa uchungu, na ndiye aliyechukua simu ya mzee akampigia mkewe.

"Shemeji, mumeo amekatika mkono."

"Umekatika?!"

"Haujakatika wote. Lakini njoo."

Keshokutwa yake mke akashuka kwenye basi, amemwacha mama yake na binamu kwa siku nne. Aliingia nyumbani, akakuta mtu kajiinamia, mkono wenye plasta nyeupe mapajani.  Alimtazama tu, akaushika ule mkono kwa chini kama mtu anavyoshika kifaranga, akaurudisha taratibu. Kisha akauliza, "Imekuwaje?" na bila kungoja jibu akachukua ufunguo wa karakana.

Mume akamfuata nyuma. Na naomba mjue alikuwa anafuata na furaha! Mkono unamwuma, lakini moyoni anasema, sasa ataona. Ataona nilivyomtunzia.

Mama Tumsifu aliinama penye vaisi. Akatoa ngozi ya mkanda, akaiangalia. Akatoa kipande cha kandambili. Akatoa maboksi, moja, la pili, la tatu. Akalaza mkono wa vaisi kwa kidole kimoja, ukalala mpaka mwisho, tak. Akapiga magoti, akachungulia chini. Alipoinuka uso ulikuwa umebadilika.

"Nani ameifunga hivi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Alama iko palepale. Haijasogea hata unywele." Akatabasamu. "Mwaka mmoja na miezi saba, Mama Tumsifu. Hakuna aliyeigusa."

Yule mama akakaa sakafuni. 

"Baba Tumsifu. Umekuwa ukitoboa na vaisi hii? Kwenye alama?"

"Kwenye alama."

"Ile alama ni ya kulegeza! Niliilegeza! Nilisema sijui utaanza kazi lini, springi ya ndani isikae imevutwa bure. Nikakuwekea alama ujue pa kuanzia. Anzia hapa, kaza robo mzunguko, sikiliza mkono wako. Sikukwambia pale dirishani?"

"Ulisema nisiisahau."

"Nikasema, ukianza kazi tu uikaze!"

Ndilo lile neno lililoliwa na honi.

Fikirini. Mtu amepiga magoti mwaka mmoja na miezi saba mbele ya mstari mwekundu, akiamini hapo ndipo mkewe alipombana kwa nguvu zote. Kumbe ndipo mkewe alipoachia. Alikuwa anatunza kwa machozi kipimo cha kulegea.

Na hayo si yote. Mama akamwuliza, "Na kwenye simu, kila Jumapili, 'alama iko palepale.' Ulikuwa unaniambia nini?"

"Nilikuwa nakwambia…" Akashindwa. "Nilikuwa nakwambia nakukumbuka."

"Yesu wangu!" Akafunika uso na viganja. "Mimi nilisikia umegoma. Alama iko palepale, maana yake nati haijakazwa, maana yake mashine hailii. Nikasema, huyu amefunga karakana makusudi, ananinunia, anataka nimwache mama yangu na kidonda cha mgongoni nirudi kumtobolea vyuma. Kila Jumapili unanipiga na neno hilo hilo. Nikakata simu nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikaacha kulia."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia imelegea! Siku ya kwanza tu ilipocheza, ungeniambia, 'Mama Tumsifu, huku haishiki.' Neno dogo hivyo. Ningejua unanihitaji. Mtu ambaye kwake kila kitu kiko vilevile, mimi nirudi kwake kufanya nini?"

Mume akainama kuokota ngozi ya mkanda. Wewe ungekuwa na jibu?

Baadaye mama akasimama, akampa spana.

"Kaza."

"Mimi? Kaza wewe, ndiyo kazi yako."

"Mimi Jumamosi naondoka. Mama bado yuko kitandani. Kaza wewe, mkono wa kulia unao."

Basi fundi aliyeshika chuma miaka zaidi ya ishirini akalala chali sakafuni, mkono mmoja umefungwa plasta, mkewe ameshika tochi anamwelekeza. Kwanza walifagia chenga zote. Wakafuta njia ya taya kwa kitambaa, wakaweka tone la oili hapo, na uso wa taya wakauacha mkavu, maana taya yenye mafuta haing'ati kitu. Akalegeza nati nyembamba inayoizuia ile ya kurekebishia isisogee, kisha akagusa ile ya kurekebishia yenyewe.  Spana ilipogeuka, ile rangi nyekundu ikapasuka katikati, nusu ikaenda na nati, nusu ikabaki kwenye mwili wa vaisi. Alifumba macho.

"Jaribu," mkewe akasema.

Akainuka, akaweka chuma, akalaza mkono. Ukalala mpaka mwisho.

"Bado. Rudi chini."

"Wewe mwanamke una amri."

"Nilikuwa nayo siku zote, ulikuwa unakata vyuma huoni. Rudi chini."

Akarudi, akaongeza kidogo. Safari hii mkono ulifika katikati ukagoma. Akausukuma kwa kiganja, ukapita kwa shida, na akasikia kitu ambacho hajakisikia tangu basi lile liondoke: kwamba chuma kimeshikwa. Mama akakigonga kwa nyundo ndogo. Hakikutikisika. Akamwambia afunge ile nati nyembamba.

"Sasa kesho asubuhi fanya tena."

"Kesho tena? Si tumekaza?"

"Kila asubuhi, Baba Tumsifu. Inalegea na kazi. Miaka kumi na tisa natangulia kufungua, wewe unabaki unamalizia uji. Ulidhani nakuja kufagia tu?"

Jumamosi akaondoka. Nawaambia ukweli, aliondoka; hadithi zinazomaliza kila kitu kwa siku moja mimi siziwezi. Pale stendi mume alitaka kusema neno, akatazama matairi.

Jumapili akatoka ibadani, akapiga simu.

"Mama anaendeleaje?"

"Amelala vizuri. Vaisi vipi?"

"Asubuhi ilikuwa imelegea. Nimeikaza."  Alikuwa amesimama barabarani, upepo unavuma, watu wanapita na nguo zao nzuri, na mzee mwenye mvi anatafuta neno kama mtoto wa chekechea. "Na mimi huku nimelegea. Hakuna kilicho vilevile. Sili vizuri. Nazungumza na kopo la maziwa. Siwezi hivi, mwenzangu."

 Akadhani simu imekatika. Kisha akasikia kukohoa kule, kidogo, kabla ya neno.

"Basi la huku si unalijua linapoanzia?"

Jamani! Mwaka mmoja na miezi saba alikuwa amelinda karakana akingoja kurudiwa, na haikumpita kichwani hata siku moja kwamba yeye naye ana miguu. Jumatatu alikabidhi kazi za watu kwa yule mchomeleaji, akafunga mlango wa bati. Jumanne jioni alisimama kwenye ua wa mama mkwe, koti begani, jasho linamtiririka. Mkewe alitoka na beseni la maji machafu ya mgonjwa.

"Karakana umemwachia nani?"

"Nimefunga."

Alilitua lile beseni chini, akamwonyesha ashike upande wa pili. Wakalibeba wawili, yeye na mkono wake mmoja, wakaenda kumwaga.

Sasa tuje kwetu. Msianze kuangalia saa.

Sisi ndio fundi yule. Bibi zetu walisali, na kila asubuhi walikaza. Hatukuwaona, tulikuwa tunamalizia uji. Walipoondoka wametuachia alama, na sisi tukaifanya mwisho wa safari badala ya mwanzo wake. Tunasali kwa maneno yao, kwa sauti yao, na kwa kikohozi chao pia, na tukifika Amina tunasikia tak tunasema imeshika. Imeshika? Mbona ukipigwa na neno dogo tu la jirani unaruka na mashine nzima? Mbona tumejaza maboksi kila mahali, boksi la sare mpya, boksi la kuonekana kiti cha mbele, ili mtu asijue kwamba ndani hapang'ati? Mtu akitaka kutukazia tunamfokea: usiguse, hivi ndivyo tulivyoachiwa! Ndugu yangu, pengine ulichoachiwa ni mahali pa kuanzia tu.

Na Mungu tunamwambia nini? Tunapiga magoti mbele ya yule anayeona mpaka chini ya meza, tunamwambia huku salama, kila kitu kiko vilevile. Halafu tunashangaa kwamba mbingu ziko kimya. Hebu mwambie imelegea. Mwambie, Bwana, nimeanza kusahau sauti yako na inanitia hofu. Hiyo ni sala. Hatakukemea. Amekaa anangoja neno hilo hilo.

Na kuna watu humu, nawaona na sitawataja, wana mtu wao mbali. Mwingine mke, mwingine baba, mwingine ndugu waliyegombana naye kwenye msiba, sasa miaka. Unamkumbuka mpaka unaumwa, na ukipata nafasi ya kuzungumza naye unasema, kwangu hakuna kilichobadilika. Wewe unadhani umesema nakupenda. Yeye amesikia umegoma. Kumkumbuka mtu hakumfikii mtu. Unaweza kupigia magoti alama yake mpaka nywele zote ziwe mvi, naye kule anajua tu kwamba hahitajiki.

Kwaya, kaeni chini kwanza, wimbo utasubiri. Sijamaliza, lakini nanyamaza, kwa sababu kilichobaki si changu. Mlango ule uko wazi. Yupo mtu unayemjua wewe. Toka, mtafute sasa hivi, na usimpe habari ya kuwa uko salama. Mwambie pale panapocheza. Na kama yuko karibu kwa mguu, mbona bado umekaa?